Chupa Isiyotiwa Zebaki

Shada la chupa za kuchotea sampuli lilitoka majini likichuruzika pande zote, na kabla winchi haijanyamaza Pazi alikwisha kuanza maneno yake.

"Hewa kwanza, chumvi mwisho!" alipaza sauti. "Na watu wa bara nyuma ya chumvi, maana hawa bado wanashangaa maji yote haya yamemwagwa na nani."

Kalunde alikuwa akivaa glavu, hakugeuka. "Chota hewa yako upishe njia. Ngoma ikilia Kisarawe huko, wewe utaacha bomba wazi ukacheze."

Mabaharia waliokuwa wakifunga kebo walicheka. Bahari ilikuwa imetulia kama shuka lililopigwa pasi, na meli Ushahidi ilikuwa imesimama mbali sana mashariki ya Mafia, mahali pasipoonekana kitu ila maji na mbingu vikisalimiana. Kalunde aliipenda saa hii kuliko zote. Kila chupa ya shada, ndefu kama mguu wa mtu mzima, ilikuwa imejifunga yenyewe kwenye kina chake, na sasa bahari nzima ilisimama mbele yake imepangwa: maji ya juu yenye joto mkono huu, maji ya kilindini yenye baridi ya kuumiza vidole mkono ule.

Pazi alichota wa kwanza kwa sababu oksijeni hutoroka mara tu chupa inapofunguliwa. Baada yake alikuja Kalunde, mwenye hewa ya ukaa na uchachu. Mwenye chumvi angekuja mwisho kwa raha zake. Chumvi haina pa kwenda.

Kalunde alitumbukiza mpira hadi chini ya kichupa cha kioo, akayaacha maji yajae kutoka chini, yafurike, yafurike tena, pasipo povu hata moja. Alijaza vichupa viwili vya maji yale yale, pacha kwa pacha, kwa kila kina. Kisha akachukua kibomba chembamba na kuanza kudondosha zebaki, tone moja kila kichupa. Hiyo ilikuwa desturi kongwe kuliko meli yenyewe. Maji ya bahari yako hai. Ukiyafunga bila sumu, viumbe wadogo waliomo wataendelea kula na kupumua humo, na utakapokuja kupima utakuwa unapima pumzi zao, bahari yenyewe imekuponyoka.

"Mtani," Pazi aliita kutoka upande wa pili wa shada, kwa sauti ya mtu mwenye swali zito la kitaalamu. "Hivi ni kweli babu yako alipofika Bagamoyo na mzigo kichwani, akaiona bahari, alivua kofia akaiamkia?"

"Kweli kabisa. Akamwamkia na babu yako pia, ila yule hakuitika. Alikuwa kalala chini ya mnazi anasubiri dafu lishuke lenyewe."

Kicheko kilipanda hadi mshika winchi akaegemea reli. Kalunde naye alicheka, mkono ukamtetemeka, akasubiri utulie, kisha akaendelea na kichupa kilichofuata. Hakukumbuka kwamba kile alichokiacha nyuma kilikuwa hakijapata tone lake.

*

Maabara yake ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha la duara. Humo ndani bahari iligeuka rangi. Kalunde alitia rangi ya zambarau katika maji, na mashine ikayatazama: maji mazima hubaki zambarau, maji yaliyochacha huelekea manjano. Bahari ikinywa hewa ya ukaa kupita kiasi huchacha kama togwa lililosahauliwa, na ikichacha, kila kiumbe anayejijengea nyumba ya chokaa huanza kuliwa na maji yale yale anayoishi ndani yake.

Ndiyo maana kulikuwa na Mlishi. Mlishi hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyoongoza matishari yasiyo na mabaharia, yaliyojaa chokaa, katika kila bahari. Uchachu ukizidi, namba hushuka. Namba ikishuka chini ya mstari, matishari huja na kumwaga. Ikibaki juu, hupita zao. Mlishi hakusoma barua wala hakusikiliza maombi. Alisoma namba za meli kama Ushahidi, na katika hizo alipokea zile tu zenye mihuri miwili: muhuri wa mpimaji, na muhuri wa mtani wake.

Muhuri wa pili ulizaliwa baada ya Miaka ya Namba Tamu. Kalunde aliisoma miaka hiyo shuleni na ilimkera tangu siku ile. Wapimaji wa zama hizo walipitishiana namba kwa heshima na adabu. Hakuna aliyetaka kumwaibisha mwenzake, hakuna aliyetaka kuonekana mchimvi. Namba zikatabasamu, na matumbawe yakafa nyuma ya tabasamu hilo. Ndipo mtu mmoja alipouliza katika Baraza la Bahari: ni nani duniani anayeweza kukuambia uso kwa uso kwamba wewe mwongo, na jioni mkala sahani moja? Ukumbini walikuwamo Wangoni na Wahehe, Wanyamwezi na Wazaramo. Kila mmoja alimgeukia mtani wake. Tangu hapo namba haikuondoka melini mpaka mtani aikejeli, mwenye namba ajibu, na namba ibaki imesimama.

Pazi aliingia na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akaweka kimoja mbali na mashine. Alitazama skrini.

"Pacha gani hawa? Huyu kachacha kuliko mwenzake. Una hakika baba yao mmoja?"

Kalunde alikwisha kuiona tofauti hiyo, na ilikuwa ikimwasha. Pacha wa maji ya mita mia mbili walikuwa wamekataa kufanana. "Povu," alisema.

"Povu lingeonekana. Au ndiyo mafunzo ya Urambo, mnachotea kwa kibuyu?"

"Tumekufundisheni ninyi kunawa, kwa kibuyu hicho hicho." Huku akisema, aliinua kichupa kile cha ajabu na kuelekeza maji yaliyobaki kwenye mwanga wa dirisha. Alikisogeza karibu na jicho, akakirudisha nyuma, akakisogeza tena.

"Mtani, njoo."

"Umekosea nini?"

"Sikutia zebaki."

"Mungu mkubwa! Leo nimepata cha kusimulia mpaka Idi. Mkemia mzima, shahada ukutani, anasahau ..." Pazi alifika dirishani, na ulimi wake ukaishia hapo.

Ndani ya kichupa kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya mtama. Kilikuwa na kombe lililojisokota, jembamba kiasi cha kuuona mwanga upande wa pili, na kutoka mdomoni mwa kombe zilichomoza mbawa mbili. Mbawa zilikuwa zikipiga. Kilipanda, kikatulia, kikashuka kidogo, kikapanda tena, kama mtu anayepima kina cha chumba kipya alichohamia.

"Konokono mwenye mbawa," Kalunde alinong'ona. "Kipepeo wa bahari."

Wote wawili waliwajua kwa picha. Vipepeo wa bahari ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka bahari ilipochacha. Makombe yao yaliyeyuka migongoni mwao wangali wanaogelea. Hakuna aliyewaona katika maji haya tangu kabla ya mama yake Kalunde kuzaliwa. Ni pumzi ya huyu mmoja, aliyeachwa hai kwa uzembe, iliyoyachachusha maji ya kichupa na kumtenga pacha na pacha.

Kalunde alikiinua kichupa cha pili, kile kilichopata tone lake. Chini kabisa, juu ya kioo, palikuwa na punje nyingine. Mbawa zake zilikuwa zimekunjwa. Zebaki ilikuwa imefanya kazi yake barabara.

Bi Mwanate aliitwa. Alikuwa mkuu wa safari, mwanamke wa Lamu mwenye sauti ya chini na miwani ya kamba, aliyeipima bahari hii maisha yake yote kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa yule yule. Aliinama kwenye hadubini na hakuinuka upesi. Alipoinuka, miwani ilikuwa na ukungu.

"Wanangu," alisema, "niliwahi kumwona mmoja chuoni, ndani ya chupa ya dawa, mkavu kama ganda la kitunguu. Sikudhani kwamba wanacheza ngoma."

"Mimi nilijua," Pazi alisema. "Wamejifunza Uzaramo."

Wavu wa matundu madogo ukatupwa ubavuni mwa meli. Ulipopandishwa ulikuwa umejaa mng'ao uliokuwa ukitikisika. Walikuwa wengi, wengi mno, wadogo na wakubwa, wazazi na watoto. Watu walitoka chumba cha injini na jikoni kuja kutazama. Mpishi alitumbukiza kidole ndani ya beseni, akakitoa taratibu kama mtu aliyegusa utosi wa mtoto mchanga, akaapa kwamba leo hakuna maharage, leo ni pilau. Kalunde alisimama katikati ya kelele hizo akicheka peke yake. Alikuwa amekosea kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kosa hilo lilikuwa limemfanya awe na furaha kuliko siku yoyote ya kazi yake.

Kisha Bi Mwanate akauliza, bila kuyatoa macho kwenye beseni: "Na yule pacha wa zebaki? Namba yake ya kweli ni ngapi?"

Kalunde aliijua. "Iko chini ya mstari, Bi."

Hakuna aliyeuliza chini kiasi gani. Wote walikuwa wamewahi kuona matishari yakimwaga. Bahari hugeuka maziwa. Kwa muda maji yale huwa makali ya kuunguza, mpaka chokaa ichanganyike na kutulia. Baada ya hapo bahari hupona kweli, na mwaka unaofuata namba hupanda. Samaki wakubwa huhisi ukali na kukimbia. Lakini kipepeo mwenye ukubwa wa punje ya mtama hakimbii kokote. Huenda anakopelekwa na maji.

*

Namba za siku zilipaswa kuondoka kabla ya jua kuzama. Zikichelewa, Mlishi hukisia mwenyewe, na siku zote hukisia chini, kwa usalama. Kusubiri kulikuwa sawa na kumwaga.

Baada ya pilau Kalunde alirudi maabara na kufunga mlango. Aliitazama namba. Tarakimu zake za mbele zilikuwa imara. Kila mashine duniani ingekubaliana nazo. Ila ile ya mwisho, ya pembeni kabisa, ilikuwa ya kubahatisha kidogo, kama ilivyo tarakimu ya mwisho ya kila kipimo. Kuna joto la chumba, kuna uzee wa rangi, kuna mkono wa mtu. Angeisukuma kidogo tu. Namba ingeuvuka mstari kwa unywele, matishari yangepita, na vipepeo wangebaki na msimu wao. Nani angeumia? Bahari ni kubwa.

Aliisukuma. Kidole chake hakikutetemeka, na hilo lilimshangaza.

Pazi alipokuja alijitupa kwenye kiti na kuisoma kwa sauti. "Namba gani hii? Imevaa viatu virefu inakwenda harusini?"

"Iko sawa. Piga muhuri."

"Haiko sawa. Ina madaha kama shangazi zako wa Tabora wakipanda treni."

"Piga muhuri, Pazi."

Pazi aliweka kikombe chini. "Nimekutukania shangazi."

"Nimesikia."

"Nimekutukania namba, nimekutukania shangazi, na treni yenu nimeitia humo, nawe unaniambia piga muhuri?" Aliinama mbele, na mzaha wote ukamtoka usoni. "Mtani akishindwa kujibu, ana kitu mdomoni. Kitoe."

Kalunde alitazama dirishani. "Ni tarakimu ya mwisho tu. Imo ndani ya kosa la kipimo."

"Kosa la kipimo halina mwelekeo. Linakwenda juu, linakwenda chini, kama mlevi anayetafuta mlango. Hili lako limenyooka moja kwa moja mpaka lilipotaka kufika."

"Kwa hiyo tuwaue? Chokaa inamwagwa kwa ajili yao! Kwa ajili ya viumbe kama hawa hawa, ili siku moja warudi. Wamerudi wenyewe, katika maji machachu, hatujui hata wamewezaje, na sisi tuwamwagie dawa vichwani kwa sababu karatasi inasema mgonjwa bado hajapona?"

"Sijasema tuwaue."

"Umesema nini, basi?"

Pazi alikivuta kiti chake karibu. Safari nzima hakuwa amemwita kwa jina lake; sasa alimwita. "Kalunde, kila mtu ana kipepeo wake. Mpimaji wa meli ya kaskazini ana kasa wake. Mwingine ana dada yake anayekaa karibu na gati la chokaa, kifua kinamsumbua, hapendi litumike. Wote watu wazuri, wote wana sababu nzuri kama yako. Wewe unadhani Namba Tamu zilipikwa na wabaya? Zilipikwa na watu waliopenda kitu. Mimi nikiipiga hii muhuri leo, kesho nitamkatalia nani?"

"Nikitoa ya kweli nimewaua kwa mkono wangu."

"Ndiyo." Hakuipamba. "Na ukitoa ya uongo, hakuna atakayejua tena bahari inaumwa wapi. Mimi sikuamulii lililo jepesi. Nakuambia tu hii siwezi kuicheka. Namba isiyochekeka siipigi muhuri."

Kalunde alimchukia kwa muda mfupi, kwa moyo wake wote. Kisha akanyoosha mkono, akairudisha tarakimu mahali pake, na chuki ikamwacha kama homa inavyomwacha mtu, ikabaki ile hali ya kulowa.

"Twende kwa Bi Mwanate," alisema.

*

Walimkuta kwenye chumba cha usukani pamoja na nahodha Twalibu, mtu mfupi wa Tanga aliyependa kutafuna karafuu. Kalunde alieleza yote, pamoja na alichokifanya na jinsi alivyokamatwa. Bi Mwanate alisikiliza bila kumkaripia.

"Tukiliomba Baraza ruhusa ya pekee?" Kalunde aliuliza.

"Baraza linakaa msimu kwa msimu, mwanangu. Na ruhusa za pekee zilifutwa. Zilifutwa kwa haki. Mlango ule ndimo Namba Tamu zilimopitia."

"Hayo matishari," nahodha alisema, akiihamisha karafuu upande wa pili wa mdomo, "hayamwagi penye watu. Yakikuta chombo chenye watu yanasimama mpaka kiondoke. Mwaka ule injini ilipotufia karibu na Komoro yalitusubiri kama ng'ombe mlangoni."

Watu wote wanne walitazama maji.

"Yaani tukae," Bi Mwanate alisema taratibu. "Tuzime injini, twende na mkondo pamoja nao, mpaka msimu wa kumwaga ufungwe." Aligeukia ramani ukutani. Mstari mwekundu ulishuka kutoka pwani hadi kwenye barafu ya kusini. Mstari ule ulikuwa umepimwa kizazi baada ya kizazi, vituo vile vile, bila kukatika; kwa kuulinganisha na nyakati zilizopita ndipo watu walipojua bahari inakwenda wapi. "Tukikaa, barafu itafunga kusini kabla hatujafika. Nusu ya mstari haitapimwa. Itakuwa mara ya kwanza."

Kalunde alijua pia lile ambalo Bi Mwanate hakulitaja. Maji ya kilindi cha kusini yalikuwa ndiyo kazi yake Kalunde. Kwa ajili ya maji hayo aliomba nafasi melini, akangoja, akaomba tena.

"Mwenye namba aseme kwanza," Bi Mwanate alisema. Hiyo ilikuwa kanuni ya meli.

Kalunde alijaribu kutafuta maneno mazuri, akayakosa, akatumia yaliyokuwapo. "Tupeleke namba ya kweli. Halafu tukae."

Pazi alikunja uso. "Huo si uongo ule ule umevaa kanzu? Namba inasema mwageni, sisi tunayazuia matishari yasimwage."

"Uongo hujificha, mtani. Sisi tutaliandikia Baraza wazi: namba ni hii, iko chini ya mstari, na meli Ushahidi imekaa juu yake kwa sababu hizi, njooni mzione. Anayetaka kututoa atatutoa akijua anachokifanya. Na maji haya yatabaki yamechacha msimu mzima. Hiyo nayo iandikwe, iandikwe kwa jina langu."

"Na mstari wangu?" Bi Mwanate aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia ndugu aliye hospitali.

"Utakuwa na pengo, Bi."

Mama yule mzee aliendelea kuitazama ramani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kalunde akaogopa kwamba analia, mpaka aliposikia kicheko. "Pengo. Mimi mwenyewe ninayo matatu mdomoni, na mchana huu nimeimaliza nyama ya pilau. Nahodha, zima injini."

Pazi alikuwa bado hajamaliza. Aliisoma namba ile tena, ya kweli, kwenye skrini ya nahodha. "Namba mbaya hii," alisema. "Fupi, nyeusi, imenuna kama mwenyewe."

"Imenuna kwa sababu imeuona uso wako," Kalunde alijibu. "Ingekuwa na miguu ingerudi kilindini."

"Hapo sawa," Pazi akasema, na muhuri ukagonga.

*

Matishari yalikuja kesho yake asubuhi, bapa na meupe, kila moja refu kuliko Ushahidi, hayana dirisha wala bendera. Vumbi la chokaa lilikuwa limeyapaka hadi kwenye maji. Yalitawanyika kuizunguka meli, na moja likasogea mbele ya wenzake. Jicho la kioo juu ya mlingoti wake liligeuka taratibu na kumtazama Kalunde, aliyesimama kwenye jukwaa la chini la kuchotea maji, bahari ikimlamba miguu.

"Hodi," tishari lilisema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mtu yeyote.

"Karibu," Kalunde alijibu kabla ya kufikiri, kama alivyofundishwa utotoni.

"Umelikaribisha?" Pazi alifoka kutoka juu.

"Karibu hapo hapo ulipo!" Kalunde alirekebisha haraka. "Usisogee."

Tishari lilipunguza mwendo. "Je, kuna watu?"

"Tupo."

"Chombo chenu kimezima injini. Mnahitaji kuokolewa?"

"Hatuhitaji. Tuko salama, tumelala vizuri, tumekula."

"Nimepokea namba kutoka kwenu inayoniita hapa. Namba hiyo ni sahihi?"

Alijua swali hilo lingekuja, na bado lilimchoma. Hata sasa neno moja dogo lingetosha kuyageuza matishari yote yale. "Ni sahihi," alisema. "Niliipima mwenyewe."

"Mtaondoka lini?"

"Hatujui. Tunawatazama wenyeji."

Jicho la kioo lilizunguka upeo wote na kurudi. "Eneo hili halina wenyeji. Sina kumbukumbu ya mkazi yeyote."

"Ngoja."

Kalunde alipiga magoti. Alizamisha bilauri ya maabara hadi kiwiko kikalowa, akaiacha ijae yenyewe, akaiinua juu ya kichwa chake kuelekea kwenye jicho lile. Jua lilipita ndani ya maji. Mle ndani vipepeo watatu walikuwa wakipiga mbawa, wakipanda, wakishuka, wakipanda tena.

Jicho la kioo liliinama kuielekea bilauri. Kalunde alianza kuhisi uzito wa bilauri begani, lakini hakuishusha. Juu yake meli nzima ilikuwa imejipanga kwenye reli.

"Naona viumbe watatu wanaokwenda kwa nguvu zao," tishari lilisema hatimaye. "Hawamo katika orodha yangu ya walio hai."

"Waandike."

"Niandike nini?"

Akalitamkia jina polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa jirani mkubwa asiyesikia vizuri. Kisha akasema, "Na usiandike watatu. Andika wapo."

Tishari lilizima injini. Nyuma yake, moja baada ya jingine, mengine nayo yakazima, mpaka bahari ikawa kimya kiasi cha Kalunde kuyasikia matone yakianguka kutoka kwenye kiwiko chake.